Nitue

Mbele ya jikoni kwetu Ntimaru palikuwa na jiwe bapa, na ndoo ya maji ilitua juu ya jiwe hilo kila jioni. Haikutua yenyewe. Ndoo ya bati iliyojaa, ukiinama nayo inakumwagikia. Ukijaribu kuchuchumaa, magoti yanakataa. Kwa hiyo nilipofika nilisimama wima kando ya jiwe, mikono yote miwili juu, macho mbele kama askari wa gwaride, nikaita: "Mama, nitue!"

Mama alitoka mikono ikiwa na unga wa muhogo hadi viwikoni. Akaishika ndoo huku na huku, akasema, "Haya, achia." Nikaachia. Na shingo ikapanda. Sijapata namna nyingine ya kulisema jambo hili: shingo ilipanda, kama tawi lililokuwa limekaliwa na ndege mzito, naye ameruka. Mabega yakafuata, miguu ikawa myepesi nikapepesuka. Kwa muda wa pumzi tatu au nne nilikuwa msichana mrefu kuliko wote tarafani. Kisha urefu ukaisha, nikatumwa kuni.

Ilikuwa 1990, niko darasa la tano. Watu wakiniuliza utoto wangu ulikuwa na raha gani, hutarajia niseme Krismasi, nguo mpya na chapati. Chapati zilikuwepo na zilikuwa tamu, siwezi kuzikana. Lakini chapati zilikuja mara moja kwa mwaka na kuondoka na wageni. Shingo ilipanda kila siku.

Chemchemi yetu ilikuwa bondeni. Kushuka ni dakika kumi. Kupanda ni habari nyingine. Tulikwenda wasichana watano au sita, kila mmoja na kata yake ya majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa yakawa mviringo. Ukisharudi, kata ilitundikwa mahali pake, na ole wako uguse ya mwenzako, kwa sababu kata huzoea kichwa cha mwenyewe. Tukishajaza ndoo tulilaza kipande cha jani bichi la mgomba juu ya maji, yatulie, yasirukeruke njiani na kutulowesha. Halafu tukatwikana. Wawili wanamtwika mmoja, huyo anasogea pembeni, anafuata mwingine. Tatizo ni wa mwisho. Wenzake wote wana ndoo kichwani, hakuna mwenye mikono. Wa mwisho aliipandisha ndoo kwenye ukingo wa udongo ulio usawa wa kifua, akaingia chini yake taratibu kama mtu anayepenya seng'enge. Tulipokezana zamu ya kuwa wa mwisho, na aliyekwepa zamu yake alijulikana kijiji kizima.

Nyumbani tulizungumza Kikuria. Neno "nitue" tuliletewa na mama mdogo, aliyeolewa Tarime na ambaye kila msimu wa tumbaku alikuja kutusaidia kwa wiki mbili tatu. Kutoka kwetu, Kenya, hadi kwake, Tanzania, ulivuka mpaka wa nchi, ingawa hakuna aliyesema hivyo. Ulisema unakwenda kwa mama mdogo. Mstari huo wa mpaka ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukakata kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, na Wakuria wakajikuta pande zote mbili, ng'ombe huku, shemeji kule. Mama mdogo alikuwa na Kiswahili cha Tanzania kilichonyooka, akatudharau kidogo kwa ajili ya chetu. Sisi tulipofika na ndoo tulikuwa tukisema chochote kilichokuja mdomoni. Yeye akasema mtu mwenye adabu husema "nitue". Basi likawa neno la nyumba.

Nimelipenda neno hilo hadi leo. Ndege hutua mtini, eropleni uwanjani, jua nyuma ya vilima, mgeni kwa mwenyeji wake. Gari husimama kituoni na sentensi husimama kwenye kituo. Mtoto anayelia huambiwa atulie, na jani lile la mgomba kazi yake ilikuwa kuyatuliza maji. Masikioni mwangu maneno hayo yote ni ukoo mmoja, na babu yao ni mtu aliyesimama kando ya jiwe akiomba mikono.

Siku moja mikono haikuwepo. Mama na Baba walikuwa shambani, kaka yangu sijui alikuwa wapi, mara nyingi hatukujua. Nilifika kwenye jiwe nikaita, pakawa kimya. Nikaita tena. Kuku wakanitazama. Nikaegemeza ndoo kwenye ukuta wa jikoni ili angalau upande mmoja upumzike, lakini ukuta ule ulikuwa wa udongo na ndoo ikaanza kuukwangua, nikaogopa kuchapwa kwa kuharibu ukuta, nikarudi kusimama. Shingo ilianza kutetemeka, kisha taya. Machozi yalinitoka bila mimi kulia, yaani uso ulikuwa mkavu wa huzuni na macho yalikuwa yakifanya kazi yake peke yake.

Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa akipalilia. Familia yake na yetu hazikuwa zikisalimiana. Kulikuwa na kesi ya mpaka wa shamba, hatua nne za ardhi hivi, iliyokuwa imekwenda kwa wazee ikashindikana, ikaenda kwa chifu. Kwa misimu miwili mama yule hakuwa amekanyaga boma letu, na sisi tulifundishwa kutazama pembeni akipita. Nilimwona akisimama, akiegemea jembe. Akatazama. Akaliangusha jembe, akavuka ule mpaka wenyewe wa kesi, akaja moja kwa moja, akashika ndoo kwa mikono yenye udongo. Hakusema hata "achia". Aliitua juu ya jiwe, akaondoa jani, akachota kwa kiganja akanywa funda moja, akarudi kwa mahindi yake.

Mama alipofika aliuliza nani aliyetua ndoo. Nikamwambia. Hakujibu. Ila Jumapili, Baba alipochukua betri za redio zilizokuwa zimeanikwa juani kwenye bati ili zipate uhai wa nusu saa, tukasikiliza "Je, Huu ni Ungwana?", kile kipindi cha Leonard Mambo Mbotela kilichoanza 1966 na kuwauliza Wakenya wiki baada ya wiki kama walilotenda lilikuwa la kiungwana. Sikumbuki siku hiyo alikuwa akimsuta nani. Nakumbuka Mama, akichambua maharage, akasema kana kwamba anaijibu redio: "Yule mama ni muungwana." Baba akajifanya hakusikia. Kesi iliendelea miaka mingine mitatu na tukashindwa hatua mbili kati ya nne. Lakini tangu Jumapili ile Mama na jirani walisalimiana chemchemini, si nyumbani, chemchemini tu, kana kwamba maji yalikuwa na sheria yake.

Raha nyingine za kwetu zilikuwa za namna hiyo. Unga, kwa mfano. Poshomili ilikuwa sokoni, mwenyewe mweupe hadi kope, na unga wa wimbi na muhogo ukitoka kwenye mashine huwa na joto kama mwili wa mtu. Ntimaru ni nyanda za juu. Jioni za Juni na Julai zina baridi ya kweli. Basi badala ya kujitwika mfuko nilikuwa nikiukumbatia tumboni, ndani ya sweta, nikapanda nao hadi nyumbani. Mama alisema unga hubebwa kichwani. Nilisema naogopa kuumwaga.

Au funza. Wasomaji wa mjini mtanisamehe. Funza akishaingia chini ya ukucha wa mguu huwasha kwa utamu ambao hauna mfano, utamu wa kukufanya ufumbe macho darasani. Nyanya alimtoa kwa pini, polepole, mfuko mzima mweupe kama punje ya mtama, na nafasi iliyobaki ilikuwa na ubaridi mzuri mno. Au usiku: uliamka ghafla, moyo ukidunda, kwa sababu miaka ile wezi wa ng'ombe walikuwa hofu ya kila boma, upande huu wa mpaka na ule, kwetu na kwa jirani zetu wa Trans Mara. Ukatega sikio. Ukasikia ng'ombe anacheua. Krr, kimya, krr. Ng'ombe anayecheua hajaona mgeni. Ukalala tena kwa usingizi mzito kuliko wa kwanza.

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilisoma Plato anavyosimulia siku ya mwisho ya Socrates gerezani Athens, mwaka 399 kabla ya Kristo. Asubuhi ile walimfungua minyororo. Akaketi kitandani, akaukunja mguu, akausugua pale chuma kilipokuwa, akastaajabu jinsi utamu unavyofuata mahali palepale palipouma, kama viumbe wawili waliofungwa kwa kichwa kimoja. Wenzangu walisonga mbele kwenye hoja za kutokufa kwa roho, ambazo ndizo zilizokuja kwenye mtihani. Mimi nilibaki kwenye ule mguu. Mzee amebakiza saa chache auawe, na bado ana nafasi ya kufurahia kukunwa! Nikajua yeye na nyanya yangu wangeelewana.

Lakini aliyeijua raha hii kuliko sote ni Baba, na kuieleza inabidi niingie kwenye bani, nyumba ya kukaushia tumbaku.

Tumbaku ndiyo iliyotusomesha, kama ilivyosomesha wengi wa Kuria wa umri wangu, pamoja na mabaya yake yote. Ukichuma jani lenye umande, sumu yake inapenya ngozini na unatapika kabla ya saa nne. Gundi yake inashika vidole, na ugali unaoshika kwa vidole hivyo unakuwa mchungu. Kuni zake zilimaliza miti ya vilimani kwetu. Na baada ya kazi yote, kwenye mizani ya kampuni, jani ulilolijua kuwa la daraja la kwanza lilipewa la tatu na kijana mwenye kalamu, na mkopo wa mbegu na mbolea ukakatwa mbele yako. Hayo nayajua. Siyasahau ninaposema kwamba bani ndipo nilipomwona Baba akiwa na furaha.

Bani ni nyumba iliyokwenda juu, bila dirisha, yenye mapau ya ndani kama ngazi. Sisi tulifunga majani kwenye fito. Kaka yangu alipanda mapau, akasimama mguu huku mguu kule, akapokea fito moja moja na kuzipanga kutoka juu hadi chini. Kisha mlango ukafungwa na moto ukawashwa tanurini, nje, ukapeleka joto ndani kwa mabomba ya bati yaliyopita sakafuni. Moto huo haukutakiwa kulala kwa karibu wiki nzima. Kwanza wa polepole, jani lipate umanjano. Kisha unaongezwa, jani likauke. Mwisho mkali, hadi ule mshipa mnene wa katikati uvunjike kama kijiti. Ukiuharakisha, jani linageuka jeusi. Ukiuacha ushuke, linaoza likiwa limening'inia. Kwa hiyo Baba alihamia bani. Alilala juu ya gunia kwa vipande vya saa moja moja, akaamka, akatazama kipimajoto, akasukuma gogo, akarudi. Nilimpelekea chakula, nikaruhusiwa kukaa kidogo, tukafukia viazi vitamu kwenye majivu ya mdomo wa tanuri. Hatukuzungumza sana. Mtu asiyelala siku ya nne hana maneno.

Siku ya mwisho alichomoa magogo, akamwagia maji kidogo, akafungua mlango. Harufu iliyotoka ilikuwa ya asali, siwezi kueleza jani chungu vile linapataje harufu ile, na ndani majani yote yalikuwa ya rangi ya ndizi mbivu. Mlango uliachwa wazi usiku kucha umande uingie, kwa sababu jani likikauka sana linavunjika ukiligusa. Na Baba akaenda chini ya mwembe, si kitandani, akajinyoosha kwenye udongo mtupu, mdomo wazi. Kuku walipita juu ya miguu yake. Mama alitukataza kupiga kelele na kumwita. Alilala kutoka saa tatu asubuhi hadi jua lilipotua, akaamka na alama za majani makavu shavuni, akaomba uji, akacheka bila sababu. Sijawahi kumwona mtu mwenye raha kama ile, hata kwenye harusi.

Machi 20 ni Siku ya Furaha Duniani. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipitisha mwaka 2012, mwaka uleule ilipotoka Ripoti ya kwanza ya Furaha Duniani. Kwa ajili ya ripoti hiyo watu huulizwa wawazie ngazi yenye vidato kutoka 0 hadi 10. Juu kabisa ni maisha bora unayoweza kuyafikiria, chini kabisa mabaya kuliko yote. Wewe leo umesimama kidato gani? Ufini imeongoza tangu 2018. Kenya, kwenye orodha za 2023 na 2024, ilikuwa nyuma ya nafasi ya 100. Sina ugomvi na Wafini; wana maji ya bomba na nawatakia heri. Ila kila ninaposoma swali lile namwona kaka yangu juu ya mapau. Pau la juu liko chini ya bati, ndiko kwenye joto na vumbi, na aliyeko huko swali lake ni moja tu, zimebaki fito ngapi.

Shuleni tulifundishwa methali ya "Baada ya dhiki faraja", na tuliiandikia insha hadi ikakonda. Insha zote zilikuwa moja: yatima anateseka, anafaulu mtihani, anakuwa rubani, anamjengea nyanya yake nyumba ya ghorofa. Mimi pia nilikuwa rubani, nikapata alama 34 kati ya 40. Faraja tuliiweka mbali, miaka ishirini mbele, ng'ambo ya mawingu. Wala hakuna aliyeandika kuhusu ndoo, ingawa darasa zima lilikuwa na alama ya kata utosini.

Hapa lazima nimpe Mama nafasi, maana nimewahi kumsomea kipande cha mambo haya na hakufurahishwa. "Wewe ulibeba miaka saba ukaenda bweni," alisema. "Mimi nimebeba arobaini. Iulize shingo yangu." Ana haki. Sasa ana tangi la plastiki linalojazwa na mvua ya bati, na mvua kwetu si haba. Hulipigapiga ubavuni akipita, kama mtu anayempapasa ng'ombe mwenye maziwa. Nilimuuliza kama hapakumbuki chemchemini hata kidogo. Akafikiri. "Maneno yake tu," akasema, akimaanisha yaliyozungumzwa pale. Tangi halina maneno.

Nami Nairobi nina mizigo isiyohitaji kata. Niliulipa mkopo wa masomo wa HELB kwa miaka mingi, mwezi huu kidogo, mwezi ule zaidi. Siku niliyoumaliza nilikuwa ndani ya basi kwenye barabara ya Jogoo, jioni, ujumbe ukaingia kwenye simu kwamba salio ni sifuri. Shingo ikapanda. Ile ile ya darasa la tano, na pumzi tatu zile zile. Nadhani nilisimama, kwa sababu kondakta aliniambia, "Madam, kaa, bado hatujafika." Nikatamani pawe na jiwe, na mtu wa kusema "haya, achia". Nikampigia Mama. Hakuelewa HELB ni nani, lakini alielewa kuwa nimetuliwa, akapiga kigelegele kwenye simu mpaka abiria wa pembeni akageuka.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani. Jiwe bado lipo. Siku hizi huwekwa kandambili zikauke. Nilikuwa nimekaa juu yake nikitazama simu. Mama alikwenda kusaga unga, akakataa bodaboda, akakataa nimsindikize. Sikumsikia akifika. Nilichoona kwanza ni miguu yake, vumbi hadi vifundoni, imesimama sawasawa mbele yangu. Nikainua macho. Alikuwa wima, beseni kichwani, macho mbele.

"Umelala?" akasema kwa Kikuria. Kisha, kwa Kiswahili cha marehemu dada yake wa Tarime: "Nitue."

Niliondoka kwenye jiwe haraka nikaangusha simu. Nikalishika beseni huku na huku.

"Haya, achia."

Akaachia. Unga ulikuwa bado una moto. Mama akageuza shingo kushoto, kisha kulia, kidogo kidogo, akabaki amesimama pale mikono ikining'inia, hana haraka ya kuingia ndani.